Siku 125 za Mjomba: Mafao Yaliyosubiri Barua ya Mwaka 1995

Mjomba alifika dukani kwangu Mwanga siku tatu baada ya kustaafu, amevaa shati la mikono mirefu kama mtu anayewahi kipindi cha kwanza, na kwapani ana daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Akalifungua katikati. Palikuwa na hesabu moja tu, ya mafao yake, imepangwa hatua kwa hatua kama anavyowapangia watoto wa darasa la saba, na jibu limepigiwa mistari miwili: 76,880,000.

"Sasa mwanangu, hizi zinaingia lini?"

Mimi nina steshenari. Natoa kopi, naskani, napiga picha za pasipoti, najazia watu fomu za mtandaoni. Si afisa wa Mfuko, yaani PSSSF inayolipa pensheni za watumishi wa umma, wala si mwanasheria. Ila ukikaa miaka minane nyuma ya mashine ya kopi hapa Kigoma mjini, wastaafu wote wanapita mbele yako na bahasha zao za kaki, na taratibu unaanza kujua nani atalipwa mapema na nani atahangaika, kwa kuangalia tu kilichomo kwenye bahasha. Mishahara ya Mjomba nimeisawazisha kidogo ili hesabu isomeke bila mashine, na halmashauri iliyokuwa inamwajiri sitaitaja. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Alizaliwa tarehe 2 Agosti 1964. Ualimu aliuanza amechelewa, kwa sababu ujana wake uliishia kwenye ukarani wa ushirika wa kahawa kule milimani Kalinzi. Aliajiriwa tarehe 1 Agosti 1994, ana miaka 30, akapangiwa shule ya msingi wilayani Kibondo, upande ambao leo ni wilaya ya Kakonko. Mwaka 2003 akahamia halmashauri nyingine humu humu mkoani, akazunguka shule nne, na tarehe 2 Agosti 2024 akatimiza miaka 60 akastaafu kwa lazima. Hiyo ni miezi 360 ya utumishi. Ishike hiyo 360, kwa sababu kisa chote kinaizunguka.

Kwanza ile 76,880,000.

Alikuwa amechukua mshahara wake wa mwisho, 1,240,000 kwa mwezi, akazidisha kwa 12 akapata 14,880,000 kwa mwaka. Akazidisha kwa miezi 360, akagawanya kwa 540: 9,920,000. Akachukua nusu yake, 4,960,000, akazidisha kwa 15.5. Jibu ndilo lile, na ndio mkupuo, pesa inayolipwa mara moja. Nusu iliyobaki, ukiigawa kwa miezi 12, ni kama 413,000 za pensheni ya kila mwezi. Niliirudia kwenye kikokotoo cha simu nikakuta hajakosea hata senti. Mwalimu wa hisabati hakosei kuzidisha. Tatizo ni kwamba hesabu ile ilikuwa ya mtu aliyestaafu kabla ya Julai 2022.

Jinsi alivyofika hapo inaeleweka. Agosti 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa ikawa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi. Kikaja kikokotoo kipya, yaani kanuni mpya ya kupigia hesabu ya mafao: 1/580 mahali pa 1/540, 12.5 mahali pa 15.5, na mkupuo wa asilimia 25 mahali pa 50. Wafanyakazi wakapiga kelele nchi nzima. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akakutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaagiza vikokotoo vya zamani viendelee kwa kipindi cha mpito hadi 2023. Mjomba alisikiliza tangazo lile redioni, akachukua daftari, akaandika. Tangu siku hiyo hakuifuta ile hesabu. Mshahara ulipopanda alibadilisha namba ya mshahara tu, kanuni akaiacha palepale.

Kipindi cha mpito hakikufika 2023. Tarehe 1 Julai 2022 kikaanza kikokotoo kimoja kwa wote: 1/580, 12.5, na mkupuo wa asilimia 33. Waliotoka kwenye mifuko iliyozoea 25 walipanda, waliotoka kwenye ile iliyozoea 50 wakashuka, na walimu, ambao wengi wao walitoka PSPF na LAPF, walikuwa kwenye kundi la kushuka. Juni 2024, kwenye hotuba ya bajeti, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba akatangaza nyongeza: waliotoka kwenye 50 watapata mkupuo wa asilimia 40, na waliotoka kwenye 25 watapata 35. Mjomba akaangukia kwenye 40.

Lakini kuna badiliko jingine ambalo halikupigiwa kelele sana, na kwa mwalimu linauma vilevile. Zamani hesabu ya watu wa PSPF ilichukua mshahara wa mwisho. Ukipandishwa daraja mwezi mmoja kabla ya kustaafu, daraja lile linabeba utumishi wako wote. Sasa unachukuliwa wastani wa miaka mitatu mizuri zaidi ndani ya miaka kumi ya mwisho. Mjomba miaka yake mitatu ya mwisho alikuwa kwenye 1,060,000, kisha 1,180,000, kisha 1,240,000. Wastani ni 1,160,000. Daraja la mwisho, lile alilolisubiri mpaka akakaribia kukata tamaa, limemsaidia kwa theluthi tu.

Nikageuza daftari ukurasa mpya, nikaandika mbele yake. 1,160,000 mara 12 ni 13,920,000. Gawanya kwa 580, unapata 24,000. Hii 24,000 niliizungushia duara, kwa sababu ndiyo thamani ya kila mwezi mmoja aliofanya kazi. Mara 360, ni 8,640,000, pensheni kamili ya mwaka. Asilimia 40 yake mara 12.5 ni mkupuo: 43,200,000. Asilimia 60 inayobaki, gawa kwa 12: 432,000 kila mwezi maadamu yu hai.

Kwa anayetaka njia ya mkato kwenye kundi hili la asilimia 40: ile pensheni kamili ya mwaka izidishe kwa 5 upate mkupuo, igawe kwa 20 upate ya mwezi. Basi.

Alikaa kimya muda mrefu. Nje muuza dagaa alikuwa anabishana na bodaboda kuhusu nauli ya Kibirizi, na mimi nilijifanya nasikiliza ule ubishi. Milioni thelathini na tatu na ushee zilikuwa zimeyeyuka juu ya meza yangu ya kioo. Kwenye kichwa chake zilikuwa na kazi tayari: kumalizia nyumba ya Mwandiga, na kununua mtumbwi na injini ya kuvulia dagaa kwa ubia na shemeji yake.

"Mwenzangu aliyestaafu kwa hiari mwaka 2019 alipata karibu hamsini," akasema hatimaye. "Tulianza kazi wiki moja. Kumbe alikuwa mjanja."

Maneno haya nayasikia kila mwezi, kwa hiyo siku ile niliamua tuyapigie hesabu kabisa. Kustaafu kwa hiari kunaruhusiwa ukifika miaka 55, mradi uwe umechangia miezi isiyopungua 180 na umetoa taarifa mapema. Mwaka 2019 Mjomba angekuwa na miezi 300 na mshahara wa 960,000. Kwa kikokotoo cha wakati ule angepata mkupuo wa 49,600,000. Ndiyo, zaidi ya 43,200,000. Ila pensheni yake ya mwezi ingekuwa kama 266,000, na mishahara ya miaka mitano, kuanzia 960,000 hadi 1,240,000, asingeiona. Ile miaka mitano peke yake ilimlipa zaidi ya milioni 57, hata ukiuhesabu mshahara wote kwa 960,000. Yule mwenzake alichukua mkupuo mnono kidogo na pensheni nyembamba ya maisha. Huenda alikuwa na sababu zake, afya au shamba. Ujanja wa kikokotoo haukuwa mmojawapo.

Na hapa niseme ninachoamini, ingawa najua kuna walimu watakaoninunia. Ugomvi wote wa asilimia umewafanya watu wauone mkupuo kama ndiyo mafao, na pensheni kama makombo. Chukua tofauti ya asilimia 33 na 40 kwa Mjomba. Kwa 33 mkupuo ungekuwa 35,640,000 na pensheni 482,400. Kwa 40, mkupuo umepanda kwa 7,560,000 na pensheni imeshuka kwa 50,400. Gawanya 7,560,000 kwa 50,400: ni miezi 150, yaani miaka 12 na nusu. Ile 12.5 kwenye kanuni ndiyo hiyo. Kila shilingi unayoichukua leo kwenye mkupuo umeinunua kwa pensheni yako ya miezi 150. Atakayeishi mpaka miaka 80 amejinunulia ghali. Sisemi mkupuo mdogo ni mzuri. Bati haliezekwi kwa 50,400 za kila mwezi. Nasema mtu ajue anauza nini.

Kilichokuwa karibu kumwumiza Mjomba, hata hivyo, hakikuwa asilimia. Kilikuwa ile 360.

Mwajiri alikuwa amempa taarifa ya kustaafu mwezi Februari, miezi sita kabla, kama utaratibu unavyotaka. Barua ilikuwa na orodha ya viambatisho: barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua ya cheo cha mwisho, hati ya mshahara, kitambulisho cha NIDA, picha, na taarifa za benki. Mjomba aliisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Aliitwa semina ya wastaafu watarajiwa, akaenda, akarudi na kalamu na mfuko wa kubebea makaratasi. Mfuko ule ulikaa mtupu mpaka Agosti. Nikimuuliza anasema, "Jalada langu lipo halmashauri, kila kitu kimo."

Ofisi ya mwajiri ilituma madai yake wiki ya tatu ya Agosti bila kufungua jalada kuangalia. Septemba ikaja hoja kutoka Mfuko. Kwanza, jina la kati lilikuwa na herufi moja tofauti kati ya barua ya ajira na kitambulisho cha NIDA. Hilo lilimalizwa kwa kiapo mbele ya wakili, asubuhi moja. Pili, barua ya kuthibitishwa kazini haikuwemo.

Tulienda wote ofisi ya Mfuko hapa mjini. Dada wa mapokezi alimwamkia, akampisha kiti, afisa akageuza kompyuta tuone. Kwenye mfumo michango ya Mjomba ilianza Julai 1999. Kabla ya hapo patupu.

"Mwalimu, kabla ya Julai 1999 watumishi wa serikali hamkuwa mnachangia," akatueleza taratibu. "Pensheni ilikuwa inatoka Hazina moja kwa moja. Kwa hiyo ile miaka siwezi kuiona kwenye michango. Ile naiona kwenye barua."

Hapo nilielewa kitu ambacho miaka yote nilikuwa nakitolea kopi bila kukisoma. PSPF ilianza tarehe 1 Julai 1999, na ndipo mtumishi alipoanza kukatwa asilimia 5 ya mshahara huku mwajiri akiweka 15. Kwa mshahara wa mwisho wa Mjomba, hiyo ni 62,000 zake na 186,000 za mwajiri kila mwezi. Mtu aliyeajiriwa baada ya hapo anafungua PSSSF Kiganjani kwenye simu anaona utumishi wake karibu wote kwa namba. Aliyeajiriwa kabla ana sehemu ya utumishi inayoishi kwenye karatasi tu, na karatasi yenyewe ni ile inayosema amethibitishwa kazini na kuingizwa katika masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni. Wanaostaafu sasa kwa umri wa lazima, wengi wao wana kipande hicho.

Mjomba alikuwa na miezi 59 ya aina hiyo, Agosti 1994 hadi Juni 1999. Mara 24,000 ni 1,416,000 kwa mwaka. Ukipita njia ya mkato: mkupuo 7,080,000, pensheni 70,800 kila mwezi. Bila ile barua alikuwa anasimama kwenye miezi 301, mkupuo 36,120,000 na pensheni 361,200. Ukilinganisha, kwenye mkupuo kile kipande cha karatasi kilikuwa kinakaribia thamani ya tofauti yote ya asilimia 33 na 40, na kwa jumla kinaipita, kwa sababu chenyewe kinaongeza pande zote mbili, mkupuo na pensheni. Juu ya asilimia wabunge wamezungumza miaka. Juu ya barua hakuna aliyezungumza hata na afisa utumishi.

Halmashauri yake ilikuwa na juzuu ya pili ya jalada. Juzuu ya kwanza hakuna aliyejua ilipo. Afisa utumishi alitupokea amesimama, simu sikioni, akasema mwalimu ana wajibu wa kutunza nyaraka zake. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba ofisi ina masjala, na masjala ina kazi gani kama si hiyo. Niliyameza.

Aliyetuokoa ni mwalimu mstaafu mwenzake, mzee wa Ujiji, aliyekuja dukani kutoa kopi akanikuta nimeinama juu ya faili. "Mwalimu ana majalada mawili," akasema bila hata kuulizwa. "La mwajiri na la TSD." Zamani walimu walisimamiwa na Idara ya Utumishi wa Walimu, TSD kama wanavyoiita wenyewe, na ndiko walikothibitishwa kazini, leo kazi hiyo iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Kwa hiyo barua ilitoka huko, na nakala yake ingebaki huko, kule alikoanzia.

Alfajiri ya tarehe 9 Oktoba tukapanda basi la Kibondo kupitia Kasulu. Mjomba alibeba mihogo ya kuchemsha kwenye kikopo, na namba yake ya TSD imeandikwa kwa kalamu kwenye kiganja. Miaka 30 alikuwa anaikumbuka kwa kichwa, ila siku hiyo hakujiamini.

Tulikuwa na swali moja njia nzima. Wilaya ya Kakonko ilizaliwa mwaka 2012, pamoja na Buhigwe na Uvinza. Shule aliyoanzia sasa iko Kakonko. Je, jalada la mtu aliyehama mwaka 2003, miaka tisa kabla ya mgawanyo, linakuwa wapi? Tulijibizana mpaka Kasulu. Mjomba akasema litakuwa limefuata shule. Mimi nikasema jalada linamfuata mtu, na mtu alishaondoka, kwa hiyo limebaki lilipoachwa. Tukaanza na Kibondo, kwa sababu basi lilifika huko kwanza.

Karani wa masjala alikuwa kijana ambaye mwaka 1995 hakuwa amezaliwa. Alisikiliza, akaandika namba, akaingia ndani. Tulisikia makabati yakifunguliwa na kufungwa. Akatoka mikono mitupu, akaomba mwaka wa kuhama. Akarudi ndani. Baada ya kama saa moja akatoka na jalada la rangi ya udongo, pembe zimeliwa, limefungwa kwa kamba iliyokuwa nyeupe zamani. Alikuwa amelikuta kwenye rundo la waliohama. Akalifungua kwenye kaunta, akapekua kwa kidole kimoja, folio ya tatu, ya tano, ya saba.

Ilikuwa karatasi nyembamba ya taipureta, ile nakala ya chini ya kaboni, herufi "a" zimejaa wino mpaka hazina tundu. Amethibitishwa kazini kuanzia tarehe 1 Agosti 1995, baada ya mwaka wa majaribio. Mjomba aliisoma mara mbili. Kisha akaangalia sahihi iliyo chini, akacheka peke yake. "Huyu bwana alikuwa mkali," akasema. "Alinirudisha nyumbani siku moja kwa sababu sikuchomekea."

Tulipata nakala iliyogongwa muhuri na kusainiwa, tukalala Kibondo, tukarudi kesho yake. Tarehe 14 ni siku ya mapumziko, Siku ya Nyerere, kwa hiyo madai yalikamilika na kupokelewa Mfuko tarehe 15 Oktoba.

Sasa lile swali la mwanzo, "zinaingia lini". Sheria inautaka Mfuko ulipe ndani ya siku 60, na wastaafu wengi huzihesabu kuanzia siku ya kutimiza miaka 60. Zinahesabiwa kuanzia madai yanapofika yamekamilika. Kwa Mjomba, kutoka kustaafu hadi madai kukamilika zilipita siku 74. Kutoka hapo hadi pesa kuingia benki, tarehe 5 Desemba, zilipita siku 51. Jumla 125. Angeutafuta ule waraka mwezi Machi, na mfuko wa semina ukiwa bado mpya, zile siku 74 karibu zote zisingekuwepo.

Zile siku 125 ni chakula, tusizungumze kama kalenda. Mshahara wa mwisho ulikuwa wa Julai. Mama, mke wa Mjomba, anauza mawese kwenye soko la Mwandiga, na kuanzia Septemba nyumba nzima ilikuwa juu ya madumu yale. Oktoba walikula ugali wa muhogo na dagaa wa kukopa. Nauli ya Kibondo niliitoa mimi, na hilo Mjomba hajalisahau, kila akipita dukani lazima anunue kitu hata kama ni kalamu.

Katikati ya njaa hiyo ndipo simu ilipigwa. Mwanaume, sauti nzuri, anamwita "Mwalimu wangu". Anasema yuko makao makuu Dodoma, jalada liko mezani kwake, linahitaji kitu kidogo tu lisukumwe, laki moja na themanini. Alijua shule aliyostaafia. Alijua cheki namba, ile namba yake ya utumishi. Mjomba alikuwa ameshafungua menyu ya kutuma pesa pale Mama alipotoka nje akauliza anaongea na nani. Akamnyang'anya simu, akamwambia yule mtu, "Kata kwenye hizo milioni arobaini, utuletee zilizobaki." Simu ikakatwa. Mfuko haumtozi mstaafu hata shilingi ili alipwe, na wenyewe wamelitangaza mara nyingi. Lakini mtu mwenye siku 60 bila mshahara husikia tangazo kwa sikio moja tu.

Tarehe 5 Desemba, saa nne asubuhi, ujumbe wa benki uliingia. 43,200,000. Pensheni ilihesabiwa tangu siku ya kustaafu, hivyo ya Agosti hadi Novemba ililipwa kwa pamoja, 1,728,000, na kuanzia Desemba anapata pamoja na wenzake, tarehe 25. Nimemwekea programu ya Kiganjani kwenye simu ya mwanawe ili zamu ya uhakiki ikifika asisimamishiwe pensheni kwa kutojihakiki. Mwenyewe anashika simu ya tochi na haoni sababu ya kubadilisha.

Nyumba ya Mwandiga imeezekwa. Mtumbwi hakununua. Shemeji alinuna wiki mbili.

Kimebaki kitu kimoja. Mtumishi anapostaafu, mwajiri anapaswa kumsafirisha yeye, familia na mizigo mpaka nyumbani. Hilo ni deni la mwajiri, Mfuko hauhusiki, na wastaafu wengi huchanganya wakaenda kulidai dirisha lisilo lake. Tuliandika barua Agosti, tukaikumbushia Novemba, tukaenda wenyewe Januari. Mara ya mwisho tuliambiwa OC, yaani fedha za matumizi mengineyo ya ofisi, haijaingia. Mjomba alishahamia Mwandiga kwa Fuso ya jirani, laki nne na nusu, vitanda vitatu, kabati, kuku kwenye tenga na ubao mweusi mdogo aliopewa na shule siku ya kumuaga. Risiti ya Fuso ninayo mimi, nimeitolea kopi nne.